Kabla ya Kuagiza Kioo Kipya, Kiendeshi Kikaguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ushauri uliotolewa karibuni katika safu ya teknolojia ya gazeti lako, kwamba simu au kishikwambi kikigoma kuitikia kidole, dawa yake ni kubadilisha kioo. Ushauri huo si wa uongo, maana vioo hupasuka na mikanda yake hukatika, na mimi mwenyewe nimekuwa nikibadilisha vioo katika karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka kumi na mitatu. Hata hivyo umeacha nusu ya jambo, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowatoa watu fedha bure. Kati ya kioo unachokigusa na picha inayobadilika mbele yako kuna programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo kazi yake ni kupokea habari za kidole kutoka kwenye chipu ya mguso na kuzifikisha katika kiini cha mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayosimamia kifaa kizima. Programu hiyo nayo huwa na kasoro, na kasoro zake, kwa macho ya mwenye simu, hufanana kabisa na kioo kilichokufa.

Nieleze kilichonifundisha. Msimu wa kusi wa mwaka juzi, mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaonunua na kukausha dagaa kule Sahare aliniletea vishikwambi vinne vya kikundi, vimefungwa katika kanga, ambavyo walivitumia kuandikia uzito wa kila ndoo na jina la mvuvi aliyeileta. Vyote vilikuwa vya aina moja na vyote vilikuwa na ugonjwa mmoja: vikiachwa vikalala kisha vikaamshwa, mara nyingine picha ilitokea vizuri lakini kidole hakikusikika kabisa, mpaka vizimwe na kuwashwa upya, na hata vilipokuwa vikiitikia, namba iliyobonyezwa iliweza kukataa kuingia kana kwamba haikuguswa. Viwili kati yake vilikwisha kubadilishwa vioo katika maduka mawili tofauti, na kimojawapo mara mbili. "Fundi, mwanangu," aliniambia, "fedha hizi si zangu, ni za kikundi. Kama ni vya kutupa, niambie leo nikawaambie wenzangu, kuliko kunipa matumaini."

Nakiri kuwa shaka yangu ya kwanza iliangukia maji ya bahari. Skrini za siku hizi hutambua kidole kwa kupima chaji ya umeme katika gridi ya nyaya nyembamba zisizoonekana, na kidole kinapokaribia hupunguza kiasi fulani cha chaji hiyo mahali kilipo. Maji ya chumvi, kwa kuwa hupitisha umeme, huweza kuichanganya chipu ikaona kidole pasipo kidole. Kwa mtu anayeshika dagaa mbichi tangu alfajiri hilo si jambo la kubuni. Lakini nilivikausha, nikavisafisha kwa spiriti, nikavikalisha mezani siku mbili nzima, na ugonjwa ukabaki palepale. Tena ulikuwa ugonjwa wenye utaratibu: ule wa kutosikia kidole kabisa haukutokea wakati wowote ila wakati wa kuamka. Kioo kibovu hakijui kama kishikwambi kimetoka usingizini. Hapo ndipo nilipoacha bisibisi nikaanza kuutafuta msimbo, yaani maandishi ambayo programu imeundwa kwayo.

Vishikwambi hivyo, kama simu nyingi zilizomo mifukoni mwa Watanzania, vinatumia Android, na chini ya Android kuna kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kiini hicho kinatolewa kwa leseni ya GPL toleo la pili, ambayo inamtaka anayesambaza kifaa chenye kiini hicho awape wanaokipokea msimbo wake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wateja wengi hawalijui: mama wa Sahare aliyenunua kishikwambi dukani ana haki ya kupata msimbo wa kiini kilichomo ndani yake, na hamwombi mtu hisani. Muuzaji alituma faili baada ya kuandikiwa barua tatu. Bahati nyingine ni kwamba programu ya kuwashia ya vishikwambi hivyo haikufungwa kwa kufuli, kwa hiyo niliweza kuweka kiini nilichokitengeneza mwenyewe. Kingekuwa kimefungwa, ningeijua kasoro na nisiweze kuiondoa.

Kiendeshi nilichokikuta kilikuwa na mistari zaidi ya 1,900, na kwa mtu asiyezoea kingeweza kuonekana kazi ya fundi mkubwa kwa wingi wake. Nilipokisoma polepole, kwa wiki tatu za usiku, niliona kuwa sehemu kubwa ilikuwa mabaki: namba zisizoelezwa maana, sehemu zilizozimwa lakini hazikufutwa, na maelekezo ya vifaa vingine visivyohusika. Kazi halisi ilikuwa ndogo na inaeleweka. Chipu ya mguso imeunganishwa na kichakataji kwa njia ya I2C, ambayo ni nyaya mbili tu, mmoja wa kupigia saa na mmoja wa kupitishia data, pamoja na waya wa tatu wa mkatizo ambao chipu huuangusha kutoka volti ya juu hadi sifuri kila inapokuwa na habari mpya. Kiini kikiona waya umeanguka, hukiita kiendeshi, nacho huisoma chipu: vidole vingapi, viko wapi, kimojawapo kimeinuliwa au la. Chipu ikishasomwa huuachilia waya urudi juu. Ndivyo inavyokwenda, mara sitini au mia kwa sekunde, tangu unapogusa hadi unapoinua.

Niliuunganisha waya huo wa mkatizo na osiloskopu, chombo kinachochora kupanda na kushuka kwa volti, nikakilaza kishikwambi, nikakiamsha. Waya ulianguka mara chipu ilipopata umeme, ukabaki chini. Niligusa kioo kwa kidole, kwa vidole vitano, kwa kiganja, na mstari ule ulio kwenye osiloskopu haukutikisika hata kidogo. Nilipokiwasha upya, ukaanza kupanda na kushuka kwa kila mguso kama kawaida. Sijui kama msomaji asiye fundi ataona uzito wa jambo hili, lakini kwangu mimi picha ile ilitosha: chipu ilikuwa hai, imeinua mkono na inangoja kusikilizwa, na hakuna aliyekuja.

Sababu yake ilikuwa hii. Kiendeshi kilikiambia kiini kikiite pale tu waya unaposhuka kutoka juu kwenda chini, siyo wakati wote unapokuwa chini. Wakati wa kuamka, chipu ile huuangusha waya mara inapopata umeme, kabla programu yake ya ndani haijawa tayari kujibu. Kiini kiliona mshuko, kikamwita kiendeshi, kiendeshi kikajaribu kuisoma chipu, chipu haikujibu, na kiendeshi hakikuangalia kama kusoma kumefaulu. Kikaondoka. Kwa kuwa chipu haikusomwa, haikuuachilia waya. Na kwa kuwa waya haukupanda tena, haungeweza kushuka tena. Na kwa kuwa haukushuka, kiini hakikuwa na sababu ya kumwita mtu. Vioo vitatu vilinunuliwa kwa fedha za dagaa kwa ajili ya jibu moja la kosa ambalo mwandishi wa kiendeshi hakulisoma.

Kasoro ya pili, ile ya namba kukataa kuingia, niliipata kwa kukokotoa tu. Chipu hutoa mahali pa kidole kwa biti 12, yaani tarakimu kumi na mbili za sifuri au moja, ambazo zimegawanywa katika baiti mbili, kila baiti ikiwa na biti nane: baiti ya kwanza ina biti nne za juu za kipimo, na baiti ya pili ina biti nane za chini. Biti nne zinazobaki katika baiti ile ya kwanza hazihusiani na mahali. Kati yake mbili za juu kabisa husema kama kidole kimetua, kinaendelea au kimeinuliwa. Kiendeshi kiliunganisha baiti mbili bila kuziondoa kwanza biti hizo. Kidole kikiwa mahali pa 600, kikiinuliwa, alama ya kuinuliwa iliongeza 16,384, na kiini kikaambiwa kidole kiko 16,984, nje kabisa ya kioo. Mfumo ulikiweka ukingoni na kuhesabu kuwa mtu ameburuta kidole kutoka kwenye namba mpaka pembeni, na kuburuta si kubonyeza. Mwandishi wa uzito pale Sahare alikuwa anabonyeza sawasawa siku zote hizo, na wenzake walikuwa wakimlaumu kwa mikono mizito.

Ipo na ya tatu, ambayo haikuwahi kuwasumbua waziwazi lakini ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Baiti moja ya chipu husema idadi ya vidole, na kiendeshi kiliiamini bila kuhoji. Nyaya za I2C zikikaa bila mtu kuzivuta chini hubaki juu, na kila biti husomeka moja, hivyo chipu ikipotea katikati ya kusomwa, baiti hiyo huweza kusomeka 255. Kiendeshi kilikuwa kimetenga kumbukumbu ya vidole kumi. Kingejaza habari za vidole 255 mahali pa kumi, kikaandika juu ya kumbukumbu ya sehemu nyingine za kiini, na kiini hakina wa kukilinda dhidi ya kiendeshi chake, kwa kuwa vyote viwili huishi katika chumba kimoja chenye mamlaka yote. Mashine ingekufa ghafla, au, kwa ubaya zaidi, ingeendelea kufanya kazi ikiwa na data iliyoharibika.

Nilizirekebisha zote tatu, nikaviwekea vishikwambi kiini kipya, nikavirudisha. Ningeweza kuishia hapo, na mafundi wengi huishia hapo kwa sababu mteja ameridhika. Lakini chipu ile si ya kikundi cha Sahare peke yao. Imo katika vifaa vingine visivyo na idadi, na kila mwenye kifaa hicho alikuwa anapelekwa dukani kununua kioo. Nikaamua kuipeleka kazi yangu katika kiini kikuu cha Linux, ambako kila kiendeshi kinachokubaliwa husomwa kwanza na watu wengine hadharani. Yaliyonipata huko ndiyo hasa niliyokusudia kuandika, Ndugu Mhariri, kwa sababu sijawahi kusomeshwa kwa uangalifu namna ile na watu ambao sijaonana nao.

Jibu la kwanza lilirudi baada ya siku nne. Mhakiki hakuniuliza nimesoma wapi wala natoka wapi. Aliniambia kwamba nimetuma kiraka kimoja kikubwa, yaani fungu moja la mabadiliko ya msimbo, kinachofanya mambo mengi, na kwamba hakuna mtu anayeweza kukihakiki kwa haki. Nikigawe, kila kiraka kifanye jambo moja, na juu ya kila kimoja nieleze kwa nini mabadiliko yanahitajika, siyo kusimulia yaliyobadilika, kwa sababu yaliyobadilika yanaonekana kwenye msimbo wenyewe. Nilikasirika kidogo, sitaficha. Nilipoanza kuvigawa, nikagundua kwamba katika mchanganyiko ule nilikuwa nimeingiza kosa jipya la kwangu mwenyewe, kwa kugeuza mhimili wa urefu na wa upana pale ambapo kishikwambi kimewekwa wima, na kosa hilo lilijificha kwa sababu lilikaa katikati ya mistari mia mbili isiyohusiana nalo.

Mhakiki wa pili alisimama kwenye mstari mmoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba baada ya kuipa chipu umeme, kiendeshi kingoje milisekunde 300. Akauliza: namba hii umeitoa wapi? Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejaribu 60, ikakataa mara moja moja, nikaweka 300 ili nilale usingizi. Akanieleza kwa upole kwamba kusubiri bila sababu ndani ya kiini ni gharama anayoilipa kila mtumiaji kila anapoamsha kifaa chake, na kwamba namba isiyo na asili haiwezi kurekebishwa na atakayekuja baadaye, kwa sababu hatajua inalinda nini. Nilirudi kwenye osiloskopu. Nikapima mara hamsini, vishikwambi vyote vinne, vikiwa vya baridi na vikiwa vimepashwa joto juani, nikaona chipu huwa tayari kati ya milisekunde 58 na 71, kisha nikaisoma karatasi ya mtengenezaji nikakuta imeandikwa 80. Nikaandika 80, na juu yake maelezo ya mstari mmoja.

Swali lililonikosesha usingizi ni la tatu. Kuiponya ile kasoro ya kuamka, nilikuwa nimebadilisha utaratibu wa mkatizo ili kiini kimwite kiendeshi wakati wote waya unapokuwa chini, siyo unaposhuka tu. Niliona nimemaliza. Msimamizi mmoja akauliza kwa sentensi moja: je, chipu ikifa huku waya ukiwa chini, itakuwaje? Itakuwa kwamba kiini kitamwita kiendeshi, kiendeshi kitashindwa kusoma, kitaondoka, kiini kitaona waya bado uko chini kitamwita tena, maelfu ya mara kwa sekunde, mpaka kichakataji kisifanye kazi nyingine yoyote. Kiini cha Linux kina kinga yake, kwamba kati ya miito 100,000 ya mkatizo mmoja ikiwa zaidi ya 99,900 haikushughulikiwa, huuzima mkatizo huo. Lakini kiendeshi changu kilikuwa kikijibu "nimeshughulikia" hata kiliposhindwa, kwa hiyo kinga hiyo isingefanya kazi. Nilikuwa nimeponya ugonjwa wa kutosikia kwa kuleta ugonjwa wa kutonyamaza. Niliandika upya sehemu hiyo: kusoma kukishindwa mara kadhaa mfululizo, kiendeshi hujibu kwa ukweli kwamba kimeshindwa, huizima chipu, huipa umeme upya na kuiandikia tena mipangilio yake.

Yalikuwapo na mengine madogo ambayo nayapita haraka. Niliagizwa aina ya mkatizo isiandikwe ndani ya kiendeshi bali katika faili linaloeleza maunzi, yaani vipande vya kifaa chenyewe, kwa kuwa ubao mmoja huweza kutofautiana na mwingine. Niliagizwa kupeleka maelezo ya maunzi katika kiraka chake peke yake, kabla ya kiendeshi. Nilionyeshwa kuwa kiini kina njia ya kutenga rasilimali ambazo hujirudisha zenyewe kiendeshi kinapoondolewa au kinaposhindwa kuanza, na kwa kuitumia nilifuta mistari mingi iliyokuwa ikisafisha kwa mkono na kusahau. Hata mwandiko ulikaguliwa kwa programu maalumu, kuanzia nafasi za mwanzo wa mstari, ambazo katika Linux ni upana wa herufi nane. Mwisho nilitakiwa kuweka mstari wa saini wenye jina langu chini ya kila kiraka, kuthibitisha kuwa nina haki ya kuitoa kazi hiyo. Toleo la nne ndilo lililokubaliwa, miezi mitatu na nusu baada ya la kwanza, likiwa na mistari isiyofika 500.

Sasa msomaji aniulize: kwa nini nisibaki na kiraka changu hapa Ngamiani, nikawa fundi pekee Tanga nzima anayeweza kuponya vishikwambi vile? Kibiashara ingekuwa akili. Lakini kiini cha Linux hutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi, na wenye kiini hawaahidi kwamba milango ya ndani, ambayo viendeshi hupitia, itabaki ileile. Mfano halisi ni wa mwaka 2022, pale namna ya viendeshi vyote vya I2C kujiondoa katika kiini ilipobadilishwa. Viendeshi vilivyomo ndani ya kiini kikuu vilirekebishwa vyote kwa pamoja na waliofanya mabadiliko hayo, bila wenye viendeshi kuinua kidole; vilivyofichwa katika makabati ya wauzaji viliachwa, na kila kimoja kilihitaji mwenyewe akirekebishe au kife. Hii ndiyo sababu kifaa chenye maunzi mazima hukwama katika kiini cha zamani, hakipati marekebisho ya usalama, na mwishowe hutupwa. Kiendeshi kilichokubaliwa hutunzwa hata na watu wasiokijua kifaa chenyewe. Kilichobaki kabatini huzeeka siku ileile muuzaji anapoacha kukiangalia.

Kwa hiyo ninayo maombi kwa wanunuzi, hasa wale wanaonunua vifaa vingi kwa mkupuo kwa ajili ya shule, zahanati, vyama vya ushirika na vikundi kama kile cha Sahare. Tumekwisha kuwa nchi ya vishikwambi. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, na baadaye vikagawiwa walimu. Katika mkataba wa ununuzi huandikwa ukubwa wa kumbukumbu, uwezo wa betri na muda wa dhamana. Iongezwe sentensi mbili: kwamba muuzaji akabidhi msimbo kamili wa kiini pamoja na viendeshi siku ya kukabidhi mzigo, na kwamba viendeshi vya skrini, sauti na mtandao viwe vimo katika kiini kikuu au vimekwisha kupelekwa huko kuhakikiwa. Muuzaji aliyefanya kazi yake vizuri hatapata tabu na sentensi hizo. Atakayezikataa atakuwa ametusaidia kumjua mapema.

Kwa vijana nina neno tofauti. Hapa mjini kuna vijana wengi wanaoflashi simu, yaani wanaoziwekea upya mfumo wake endeshi, kuanzia asubuhi mpaka jioni, ambao wanajua sehemu za hifadhi ya simu kwa majina yake, wanajua hatua za kuwaka kwake, na wanaweza kukueleza kwa kusikiliza tu kwamba simu imekwama hatua gani. Wamebakiza hatua moja, ambayo ni kuisoma lugha ya C na kufungua msimbo wanaouflashi kila siku wakiwa wamefumba macho. Mimi sikuisomea chuoni. Niliisoma usiku, baada ya kufunga karakana, kwa kompyuta iliyotumika. Viendeshi vya skrini za mguso ni mlango mzuri wa kuingilia kwa sababu ni vifupi, vinafanana, vimo vingi katika kiini kikuu vya kulinganishia, na matokeo yake unayaona kwa kidole chako papo hapo. Wakufunzi wa VETA na wa shule za ufundi wakipenda, wanaweza kuanza na zoezi dogo tu: kumpa mwanafunzi kiendeshi kimoja kilichokwisha kukubaliwa, pamoja na matoleo yake yote yaliyokataliwa na maoni ya wahakiki, avisome kwa mfuatano. Yote hayo yako wazi kwa yeyote. Atajifunza mengi zaidi kutoka toleo la kwanza lililokataliwa kuliko kutoka la mwisho lililosafishwa.

Wapo wanaohofia lugha, kwa kuwa mazungumzo ya wahakiki huendeshwa kwa Kiingereza. Hofu hiyo nilikuwa nayo. Nilikuwa naandika maelezo yangu kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu jambo nisiloweza kulieleza kwa lugha ninayoiotea ndoto huwa sijalielewa, kisha nikayahamisha kwa sentensi fupifupi. Katika maoni yote niliyopokea, hakuna hata moja lililohusu sarufi yangu. Yalihusu waya, biti na milisekunde.

Nirudi kwenye safu yako, Ndugu Mhariri. Naomba wasomaji waambiwe kwamba kabla ya kununua kioo wafanye majaribio machache yasiyo na gharama. Wazime kifaa kabisa na kukiwasha. Mguso ukirudi, na ukapotea tena baada ya kulala, kioo ni kizima kwa uwezekano mkubwa. Kisha wafungue mipangilio, waende kwenye namba ya toleo la programu, waibonyeze mara saba ili kufungua mipangilio ya wasanidi, na humo wawashe chaguo linaloonyesha mahali kidole kinapotua. Wachore mistari ya polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wima na mlalo, kila baada ya upana wa kidole. Mstari ukikatika daima katika ukanda uleule, ni kioo au mkanda wake, na fundi aitwe na bisibisi yake. Mstari ukichorwa mzima lakini ukaruka mwishoni kidole kinapoinuliwa, au ukawa mzima leo na kutoweka kabisa baada ya kuamka, basi wasinunue kitu. Wamtafute mtu wa kusoma kiendeshi, na wamwambie hasa ni lini ugonjwa hutokea, kwa maana katika kazi hii neno "lini" lina thamani kuliko neno "wapi".

Vishikwambi vinne vya Sahare vinafanya kazi mpaka leo kwa vioo vilevile. Lipo jambo moja bado sijalimaliza, nalo ni yale maji ya chumvi niliyoyashuku mwanzoni, ambayo hayakuwa na hatia katika kesi ile lakini hayako mbali na mashine zile kila siku ya Mungu. Chipu yenyewe ina rejista, yaani sehemu ndogo ya kuandikia kipimo, ya kupunguza wepesi wake wa kuhisi, na nimetuma kiraka kidogo kitakachomwezesha mtumiaji kuibadilisha. Mhakiki ameniuliza swali la haki, kwamba je, kipimo hicho ni tabia ya kifaa, ambayo ingepaswa kuandikwa katika faili la maunzi, au ni uamuzi wa mtumiaji. Wiki ijayo nitakwenda Sahare alfajiri, mashua zinapoingia, nikapime kwa mikono ya wenyewe iliyolowa, ndipo nimjibu.

Wako katika ufundi,

Fundi wa simu na vishikwambi,
Ngamiani, Tanga.